Kuhesabu pete za mti si kujua umri wake

Nimeletewa tena picha ya kisiki ikiwa na idadi ya pete, yaani miduara ya ukuaji ndani ya shina, nithibitishe mti ulikuwa na miaka mingapi. Watu wanaamini pete moja ni mwaka mmoja, basi hesabu umalize. Sivyo. Ukame ukiwa mkali, mti unaweza usiweke pete kabisa, au ukaiweka upande mmoja tu wa shina. Mvua zikikatika katikati ya msimu kisha zikarudi, huweka mstari unaofanana na mpaka wa mwaka: pete bandia. Kisiki kimoja hakikuambii kama umezidisha au umepunguza.

Ndiyo maana sisi tunaochunguza pete za miti hulinganisha. Tunapima upana wa kila pete katika miti mingi ya eneo moja, tukitafuta miaka ya pete nyembamba inayofuatana kwa mpangilio uleule. Pete iliyoruka kwenye mti mmoja itaonekana kwa wenzake. Hivyo ndivyo boriti za kale zinavyounganishwa na miti iliyo hai. Mwaka 1929, kipande cha boriti iliyoungua kilimwezesha mwanasayansi Mmarekani A. E. Douglass kuziba pengo la mwisho kati ya boriti za kale na miti iliyo hai, na magofu ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, yakapata tarehe za kalenda. Mfululizo wa mialoni na misonobari ya Ulaya ya kati unapita miaka 12,000, ingawa hakuna hata mti mmoja kati yake ulioishi muda huo.

Wengine husema pete nene ni mwaka wa joto. Inategemea mti umesimama wapi! Karibu na kikomo cha msitu mlimani, baridi ndiyo hubana ukuaji. Kwenye nchi kavu, ni uhaba wa mvua. Na mti jirani ukianguka, mwanga huongezeka na pete hunenepa miaka kadhaa bila hali ya hewa kubadilika. Anayechunguza historia ya msitu hulitafuta hilo hasa, pamoja na makovu ya moto.

Eti miti ya tropiki haina pete? Mninga wa Zimbabwe huziweka kila mwaka, kwa kuwa kiangazi husimamisha ukuaji wake, na umetumika kukadiria mvua za takriban miaka 200.

Wala si lazima kukata mti. Keekee ya mkono hutoa kijiti cha unene wa milimita 5 hivi. Chukua viwili, pande tofauti za shina, uvipige msasa hadi seli zionekane kwa hadubini. Picha ya simu haitoshi.