Mwenendo wa Majeraha Michezoni: Maana Yake na Namna ya Kuuhesabu

Mwenendo wa majeraha si idadi ya walioumia peke yake. Ni maelezo ya nani huumia, kiungo gani, kwa sababu gani, na mara ngapi ikilinganishwa na mara alizoingia uwanjani. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Tuseme vijana 20 wa Malindi wanacheza kandanda mchangani mara 3 kwa juma, kwa majuma 10, asikosekane mtu: hizo ni mara 600 za kushiriki. Wakiteguka vifundo 6, kiwango chao ni majeraha 10 kwa kila mara 1,000. Bila kugawanya hivyo, timu inayocheza kila jioni itadhaniwa ni ya hatari kuliko ile ichezayo Idi hadi Idi, na huko ni kuidhulumu.

Hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani inaonyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza kukusanya kumbukumbu za majeraha mwaka 1982. Kati ya 1988 na 2004, wanaume waliumia takriban mara 16 katika kila mara 1,000 za kushiriki mechi, lakini mara 2 tu katika mazoezi. Barafu ni ile ile na viatu ni vile vile. Kinachozidi katika mechi ni kasi na vikumbo. Mchezaji akipigwa kikumbo cha ubavuni ilhali bapa la chuma lililo chini ya kiatu chake limejikita barafuni, goti husukumwa ndani na kano ya upande huo huvutika. Akibamizwa kwenye ukuta unaozunguka uwanja, bega ndilo hupokea uzito.

Kifundo kina habari yake. Buti gumu hukibana, hivyo kule kuteguka kwa kawaida tunakokujua mchangani si kwingi. Lakini mguu ukipindwa kwenda nje, huumia kano za juu zaidi, zinazounganisha mifupa miwili ya muundi, nazo huchelewa kupona.

Wanawake wamekatazwa vikumbo, na bado mtikisiko wa ubongo umo miongoni mwa majeraha yao makuu, kwa sababu hugongana bila kukusudia na huanguka. Kofia yenye wavu huhifadhi uso na meno. Ubongo huendelea kusukasuka ndani ya fuvu. Ndiyo maana daftari la kocha, hata wa Malindi, linapaswa kuandika jeraha lilivyotokea, pamoja na majina ya wote waliocheza jioni hiyo wakarudi nyumbani salama.