Kiwiko cha Murali

Jumamosi, vijana wakiwa kwenye neti za mazoezi ya kriketi, mzazi mmoja alinijia na maneno yaleyale: "Kocha, kwenye spini nitajie Shane Warne tu. Yule wa Sri Lanka alikuwa anatupa." Warne alikuwa bingwa wa Australia wa spini, mpira unaogeuka ukidunda; yule wa Sri Lanka ni Muttiah Muralitharan, yaani Murali. Kisha akanitaka nimnyooshe mkono mwanawe, ambaye kiwiko chake kimepinda kidogo, asije akawa "kama Murali".

Nimechoka. Miaka yote hii nafundisha spini na sentensi hiyo haifi.

Lugha yetu nayo inachangia. Kiswahili kinasema "kurusha" kwa kazi halali ya mrushaji na kwa mtoto anayeangua maembe kwa mawe. Katika kriketi hayo ni mambo mawili. Mtupo ni pale mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko kilichokunjwa kikanyooka kabla mpira haujatoka. Kosa ni kunyooka. Kupinda si kosa! Unaweza kuja na mkono uliopinda kama mundu. Ukibaki umepinda vivyo hivyo mpaka mpira utoke, mwamuzi hana la kusema. Muttiah Muralitharan alizaliwa na kiwiko kisichonyooka mpaka mwisho. Na mkono uliopinda, ukizunguka, hudanganya jicho: kwa upande mmoja unaona pembe, nukta ya sekunde baadaye pembe imepotea kwa sababu mkono umegeuka, nawe unaapa kwamba umenyooka.

Ndiyo maana siku ya tarehe 26 Desemba 1995 mjini Melbourne bado inaniuma. Mwamuzi Darrell Hair alimtangazia Murali mipira saba kuwa haramu kwa kutupa, akiwa amesimama upande wa mrushaji, si pembeni ambako kiwiko huonekana vizuri. Murali akahamia upande wa pili, kwa mwamuzi mwingine, Steve Dunne, na Dunne hakutangaza hata mmoja.

Baadaye kamera za maabara zilionyesha kwamba karibu warushaji wote hunyoosha kiwiko kwa kiasi fulani, hata wale tuliowasifu kwa usafi wa mkono. Mwaka 2005 ICC, baraza linalosimamia kriketi duniani, ikaweka kikomo cha nyuzi 15 za kunyooka kwa wote. Kabla ya hapo warushaji wa spini walipewa 5, na wa kasi 10.

Hapa nakiri linalonisumbua. Dusra ya Murali, ule mpira unaogeukia upande usiotarajiwa, ilipopimwa mwaka 2004 ilikuwa kama nyuzi 14, ikazuiwa, kisha kikomo kipya kikaifungulia mlango. Sayansi ya kikomo hicho naikubali, ila siwezi kudai kwamba wakati wake haukumfaa. Tena mtu akijua anapimwa hurusha kwa uangalifu kuliko anapokuwa uwanjani kwenye ova ya thelathini (ova ni mipira sita), kachoka. Mashaka hayo yanahusu mpira mmoja. Ofu-spini yake ya kawaida, ile spini inayomgeukia mpigaji wa mkono wa kulia, haiguswi: mwaka huohuo wa 2004 aliirusha mbele ya kamera akiwa amefungwa chuma kinachozuia kiwiko kunyooka, na mpira ukageuka vilevile. Uligeuzwa na kifundo cha mkono na bega. Warushaji wengine wa ofu-spini hutumia vidole. Yeye alitumia kifundo kama mtu wa legi-spini, ile spini ya Warne inayogeuka kinyume na ofu-spini, na hilo sijui namna ya kumfundisha mtoto yeyote.

Mkitaka kubishana kuhusu Warne, bishaneni kwa hesabu. Murali ana wiketi 800 (kila wiketi ni mpigaji aliyetolewa) katika mechi 133 za Testi, zile za kimataifa za siku tano, Warne 708 katika mechi 145. Ni kweli, 176 za Murali ni za Bangladesh na Zimbabwe; Warne ana 17 tu. Ziondoe: Murali anabaki na 624 katika mechi 108, kwa wastani chini ya mikimbio 25 kwa wiketi (ikipungua ndivyo bora), na Warne kwa jumla yuko 25.41. Kuna doa zito zaidi: ndani ya Australia Murali alipata wiketi 12, kila moja kwa zaidi ya mikimbio 75. Warne naye aliteseka dhidi ya India, 43 kwa mikimbio 47 kila moja. Lakini Warne alisaidiwa na mrushaji mkali wa kasi, McGrath. Murali alikuwa na Vaas, mrushaji mzuri, kisha hakuna.

Mimi namweka Murali mbele, kwa mzigo alioubeba. Legi-spini ni ngumu zaidi, na Warne aliifufua. Anayemchagua kwa sababu hiyo simpingi. Sisi wa Nairobi tunajua utamu wake: Februari 24, 2003, pale Gymkhana, Collins Obuya, mrushaji wetu wa legi-spini, aliwatoa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24 tukashinda, na Murali akiwa upande wao.

Yule kijana wa Jumamosi nilimrekodi kwa simu, mbele na pembeni, mipira ishirini. Pembe mkono ukiwa usawa wa bega na pembe mpira unapotoka ni ileile. Mkono wake siugusi.