Pampu ya joto na dhana potofu: mashine inayobeba lawama za fundi

Baridi ikianza kubisha hodi Maine, kaskazini mashariki ya Marekani, mazungumzo ya Waswahili wa Portland na Lewiston, wengi wao wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda, hugeukia bei ya mafuta. Hakuna jimbo la Marekani linalotegemea mafuta ya kupasha nyumba kuliko hili. Lori linakuja, linajaza tangi la besimenti, na ankara inakuacha mdomo wazi. Mwaka 2019 jimbo lilijiwekea lengo la kufunga pampu za joto 100,000, mashine za umeme zinazopasha nyumba badala ya mafuta, kufikia 2025. Lengo likatimia 2023, na jingine la pampu 175,000 zaidi likawekwa, la kufikia 2027.

Kwa hiyo hiti pampu, kama wengi tunavyoziita, zimejaa mtaani, na maneno juu yake yamejaa vilevile. Mengi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Ila ukiyafuatilia hadi mwanzo wake, mara nyingi unakuta mashine inabebeshwa makosa ya aliyeiuza au aliyeifunga.

"Hiyo ni AC tu, itapashaje nyumba?"

Ni AC kweli. Aliyewahi kupita nyuma ya duka Kariakoo au Mombasa akapigwa na upepo wa moto wa mashine ya nje ameshaiona kazi yake: joto la chumbani limetolewa, likatupwa nje. Pampu ya joto ina vali inayogeuza mzunguko wa gesi, kwa hiyo wakati wa baridi joto huokotwa nje likaletwa ndani. Unauliza, joto gani nje penye barafu? Gesi iliyomo, kwa mfano R-32, huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri. Kwa gesi hiyo, hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri bado ni ya moto. Kompresa ikiikandamiza, joto lake linapanda, nalo linaachiwa sebuleni.

Na hapo ndipo nafuu inapotoka. Hita ya kawaida ya umeme inakupa joto la uniti moja kwa uniti moja uliyolipia. Pampu ya joto iliyofungwa vizuri, ukipiga wastani wa msimu, hukupa kama mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu umeme hautengenezi joto, unalihamisha tu. Si uvumbuzi wa juzi pia. Mwanafizikia Lord Kelvin aliueleza utaratibu huu mwaka 1852, na katika miaka hiyohiyo ya 1850 mhandisi Peter von Rittinger aliutumia Austria kwenye kazi ya kutengeneza chumvi.

"Baridi ikizidi, inakata"

Hii ndiyo inayosemwa kuliko zote, na inastahili kujibiwa kwa kirefu.

Norway, ambako baridi si ya kuuliza, karibu kaya 60 kati ya 100 zina pampu za joto. Sweden na Finland ni kama 40 kati ya 100. Wangekuwa wanaganda tungesikia. Tatizo ni kwamba mashine za zamani, zile za kompresa yenye kasi moja, zililegea kweli nje kulipokaribia nyuzi sifuri, na aliyekuwa nayo miaka hiyo bado anasimulia. Za leo zina inveta, kifaa kinachopandisha na kushusha kasi ya kompresa, na zile zilizotengenezewa nchi za baridi huendelea kupasha hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, nyingine zaidi.

Lakini kuendelea kupasha si sawa na kupasha kwa nguvu ileile. Kadiri nje kunavyozidi kuwa baridi, ndivyo mashine inavyotoa joto pungufu, na ndipo nyumba inapolihitaji zaidi. Wauzaji hawalisemi hili. Mashine iliyoandikwa BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha joto, hapa kwa saa) imepimwa kwenye nyuzi 47 za Farenhaiti, yaani nyuzi 8 za Selsiasi, hali ya hewa ambayo Maine wengine hutoka na shati la mikono mifupi. Mashine mbili zenye namba hiyohiyo usoni zinaweza kutofautiana sana kwenye nyuzi 5 za Farenhaiti, ambazo ni nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri: moja ikabaki na karibu nguvu yake yote, nyingine ikashuka hadi nusu hivi. Kwa hiyo muulize fundi swali moja: "Kwenye tano Farenhaiti, hii inatoa BTU ngapi?" Anayeijua kazi atakupa namba, au atafungua orodha ya mashine za nchi za baridi ya NEEP, shirika la ufanisi wa nishati la kaskazini mashariki ya Marekani, ambayo hata wewe unaweza kuisoma bure mtandaoni. Anayekujibu "usijali, bosi, hii ni nzuri" umeshamjua.

Halafu kuna ule moshi. Asubuhi ya Januari, mashine ya nje imevaa barafu nyeupe mgongoni, feni inasimama ghafla, unasikia mlio kama pumzi inayotolewa, kisha mvuke mzito unapanda ukutani na maji yanaanza kutiririka chini. Ndani, upepo wa moto umekatika. Mtu asiyejua hukimbilia swichi kubwa akidhani inaungua. Haijaharibika. Imegeuza mzunguko kwa dakika chache ili iyeyushe barafu yake, na itarudi kazini yenyewe. Cha kuangalia ni maji yale yanaenda wapi. Fundi aliyeweka mashine chini kabisa, au chini ya ukingo wa paa unaodondosha maji, amekuachia jiwe la barafu litakaloipanda mashine hadi kwenye feni. Inatakiwa iwe juu ya stendi, juu kuliko theluji inavyorundikana.

"Kubwa ndiyo salama"

Fundi anaingia, anasimama katikati ya sebule, anatazama dari, anatembea hatua tatu, anasema: "Hapa weka kumi na nane elfu, usipate shida." Hajauliza ukuta umejazwa nini, hajapima dirisha hata moja, hajapanda darini. Kisha anaandika bei.

Kuna hesabu maalumu ya kazi hii, Marekani wanaiita Manual J, inayokusanya ukubwa wa vyumba, madirisha, kuta, dari na baridi ya eneo lenyewe, ikatoa kiasi cha joto ambacho nyumba inapoteza kwa saa. Bila hesabu hiyo, au angalau kuangalia uliunguza galoni ngapi msimu uliopita, ukubwa unaotajwa ni wa kubahatisha. Na ukubwa uliopitiliza una gharama yake. Kila mashine ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi. Ikiwa hata kiwango hicho kinazidi mahitaji ya chumba, itawaka, itazima, itawaka tena siku nzima, ikila umeme na kuichosha kompresa. Msimu wa joto itapoza chumba haraka kabla haijatoa unyevu, nawe utakaa kwenye ubaridi wenye jasho.

Ndugu wa hili ni mtindo wa mashine moja nje na nne au tano ndani. Unaonekana nadhifu, na kampuni zinaupenda. Lakini usiku ambapo chumba kimoja tu kinataka joto, ile mashine kubwa ya nje inalazimika kuamka kwa ajili ya chumba kimoja. Pale nafasi inaporuhusu, mimi ningechukua mashine mbili ndogo zinazojitegemea, kila moja ya nje na moja yake ya ndani, kuliko moja yenye matawi. Ikifa moja, nyumba haiwi jokofu.

"Fundi yeyote wa AC anaweza, mwenye bei ndogo ndiye wangu"

Uhai wa mashine hii huamuliwa siku ya kufungwa, kwenye mambo ambayo mwenye nyumba kwa kawaida hayaangalii kwa sababu yuko ndani anapika chai. Toka nje uangalie. Mabomba ya shaba yakishaunganishwa, fundi anatakiwa kuyajaza naitrojeni kwa presha na kusubiri aone kama sindano ya geji inashuka. Kisha anavuta vakyumu kwa pampu, yaani anatoa hewa na unyevu wote, huku kipimo cha kidijitali kikionyesha kwa maikroni presha iliyobaki ndani, na kazi nzuri hushuka chini ya 500 na kubaki huko pampu ikizimwa. Nati za mwisho hukazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Anayekaza kwa hisia ya mkono, akaachia gesi kidogo ili "kusafisha hewa", akawasha na kuondoka kabla ya chakula cha mchana, amekuachia uvujaji au unyevu ndani ya mfumo. Mwaka wa pili joto likipungua, mtaa mzima utaambiwa hiti pampu ni takataka.

Sheria ya Marekani inamtaka anayeshughulika na gesi hizi awe na cheti cha EPA, wakala wa mazingira wa serikali kuu, cha kifungu cha 608. Umeme nao ni wa fundi umeme mwenye leseni. Omba kuviona vyote viwili, si utovu wa adabu. Lakini kule Maine hakuna leseni ya jumla ya wakandarasi wa nyumba, kwa hiyo kadi nzuri ya biashara na gari lenye nembo havithibitishi kitu. Pata makadirio matatu ya maandishi, na yawe na modeli kamili ya mashine, siyo "moja ya 12,000" tu. Bei ya katikati yenye maelezo mara nyingi huwa nafuu kuliko bei ya chini isiyo na maelezo.

"Serikali inalipa, saini tu hapa"

Hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa, hasa wale ambao Kiingereza cha mikataba kinawapiga chenga na mtoto wa shule ndiye mkalimani.

Unafuu wa kodi wa serikali kuu ya Marekani, uliokuwa asilimia 30 hadi dola 2,000, ulikoma kwa mashine zilizofungwa baada ya 31 Desemba 2025. Muuzaji anayeutaja leo kwa mashine mpya ama hajui ama anajua sana. Ruzuku ya Efficiency Maine, taasisi ya jimbo ya ufanisi wa nishati, ni kitu kingine: inategemea kipato cha kaya na aina ya mashine, na fundi awe kwenye orodha yao ya waliosajiliwa. Angalia jina lake huko kabla hujatoa hata senti. Kwa ndugu wa Uingereza na Wales, ruzuku ya serikali huombwa na kampuni inayofunga, yenye cheti cha MCS, mpango wa kuthibitisha wafungaji, nayo hukatwa kwenye bei. Isiyo na cheti hicho haiwezi kukuombea, hata iape.

Kuhusu mkataba, sheria ya Maine iko wazi: kazi ya nyumba inayozidi dola 3,000 lazima iandikwe, na malipo ya awali yasivuke theluthi moja ya bei. Anayetaka nusu mkononi ili "akanunue mashine" anavuka mstari. Na aliyekuja kukuuzia mlangoni bila kuitwa, sheria ya serikali kuu inakupa siku tatu za kazi za kuvunja mkataba.

"Itakata bili kwa nusu"

Inategemea ulikuwa unachoma nini. Kwa wa mafuta, hesabu ya haraka ni hii: galoni moja kwenye boila isiyo mbovu hutoa joto ambalo pampu nzuri hutoa kwa uniti 14 hivi za umeme. Zidisha bei ya uniti yako kwa 14. Uniti ikiwa senti 27, unapata dola 3.78. Galoni ikiuzwa zaidi ya hapo, unaokoa, ikiuzwa chini, huokoi. Aliyekuwa na hita za umeme za ukutani anaokoa karibu daima. Mwenye gesi ya bomba ya bei rahisi aende polepole.

Kuna pia wanaoambiwa wang'oe boila siku hiyohiyo. Mimi si wa kukataa, ila boila ilikuwa inapasha besimenti bila kukusudia. Ikinyamaza, mabomba ya maji ya kule chini yanaweza kuganda na kupasuka. Fundi makini hulisema hili kabla hujauliza.

Matumizi yana dhana zake pia. "Zima ukitoka, washa ukirudi" ilifaa kwa tanuri la mafuta. Pampu ya joto inapenda kuachwa kwenye nyuzi zilezile, maana kuipandisha kutoka chini huilazimisha ifanye kazi kwa nguvu zote, hali ambayo ndiyo inayokula umeme zaidi. Weka rimoti kwenye joto, si kwenye "oto", na uoshe chujio kila baada ya wiki chache, hasa nyumba ambamo watu hukaanga sana.

"Mimi ni mpangaji, hainihusu"

Inakuhusu kuliko mwenye nyumba. Boila ya mafuta ya jengo mara nyingi hulipiwa na yeye, ndani ya kodi. Akiiondoa akakufungia pampu ya joto inayosoma kwenye mita yako, gharama ya joto imehamia kwako, na kodi huenda isishuke hata dola. Kabla ya kusaini au kuongeza mkataba, uliza mashine imeunganishwa kwenye mita ya nani, na jibu liandikwe. Na kama haipashi vya kutosha, sheria ya Maine inadai mfumo wa nyumba uweze kufikisha nyuzi 68 za Farenhaiti ndani hata nje kukiwa 20 chini ya sifuri za Farenhaiti. Wanapima futi tatu kutoka ukuta wa nje na futi tano kutoka sakafuni, kwa hiyo kipimajoto chako kiweke hapohapo, upige picha.