"Hiyo damu inakwenda wapi?"

Mama mmoja kutoka Micheweni, hapa Pemba, alikuja kliniki na mwanawe wa kiume wa miaka miwili na nusu. Kadi imeandikwa himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba hewa, gramu 6.4 kwa desilita. Mtoto wa umri ule tunasema damu imepungua akiwa chini ya 11, na chini ya 7 ni hatari. Akaniambia: "Daktari, mchicha nampa, kisamvu nampa, maji ya rozela hayakosi nyumbani. Dawa ya damu tumemaliza chupa mbili. Hiyo damu inakwenda wapi?"

Nimefanya utafiti wa damu na kinga ya mwili kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado sijasikia swali zuri kuliko hilo. Wengi huuliza damu iongezwe vipi.

Bibi yangu alikuwa na jibu moja tu: safura. Mtoto aliyepauka viganja, uso umemvimba, anayekwangua udongo ukutani akala, anayetweta akipanda kijilima, huyo ana safura. Neno lile ni la zamani, na waliolitumia walikuwa wameona sawasawa. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya mguu, hasa pale watu wanapotembea bila viatu kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na mashamba yetu ya karafuu yana kivuli na unyevu wa kutosha. Ikifika utumbo mdogo inang'ata ukuta na kunyonya. Mnyoo mmoja wa aina ndogo hunyonya kama mililita 0.03 za damu kwa siku. Ile aina nyingine hunyonya mara tano au zaidi ya hapo. Mia moja ya aina ndogo ni mililita 3 kila siku, na ndani yake kuna karibu miligramu 1 ya chuma. Kwa mtoto mdogo, hicho ndicho takriban chote anachoweza kufyonza kutoka kwenye chakula chake cha siku nzima, na chai ya rangi anayonyweshwa pamoja na chakula inakipunguza zaidi.

Mimi nilianzia hapo, kwenye kusoma vioo vya choo, yaani kutafuta mayai ya minyoo kwenye kinyesi kilichopakwa juu ya kipande cha kioo. Unakichuja choo kwa wavu, unakijaza kwenye tundu la kipimo, unakifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini na rangi ya kijani, unakandamiza mpaka kienee sawa. Gliserini inaking'arisha na mayai yanajitokeza chini ya hadubini. Ila yai la safura lina ganda jembamba. Likikaa na gliserini muda mrefu halionekani tena, na ndiyo maana kioo kisomwe ndani ya saa moja, tena mapema ni bora. Siku moja niliandaa vioo arubaini vya skuli moja ya shamba, nikaitwa kazi nyingine, nikarudi baada ya saa mbili na ushei. Mayai ya minyoo mingine yalikuwapo, ya mchango mkubwa na ya mjeledi. Ya safura hakuna hata moja. Nikaandika sifuri mstari mzima. Mkuu wangu aliiangalia karatasi, akaniuliza: "Vioo hivi uliviandaa saa ngapi?" Wiki iliyofuata nilirudi skuli ile na vikopo vipya, nikasoma upya, na safura ilikuwa imejaa. Watoto wale wangekosa dawa kwa sababu ya saa moja yangu. Tangu siku ile naandika saa juu ya kila kioo.

Miaka ile Pemba ilikuwa na jambo kubwa zaidi likiendelea. Kati ya 2002 na 2003, watoto 24,076 wa kisiwa hiki, wa mwezi 1 hadi 35, waliingizwa katika utafiti wa kuwapa vidonge vya kila siku. Baadhi walipewa chuma na foliki, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, wengine pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa. Kila mtu alitegemea chuma kitaokoa maisha. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa: waliokunywa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua kiasi cha kuhitaji hospitali. Matokeo yalichapishwa 2006 katika jarida la Lancet, pamoja na utafiti ndugu wake wa Nepal, ambako malaria si tatizo, na kule madhara hayo hayakuonekana.

Nimeisoma ripoti ile mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika fani yangu. Wale ni watoto wa majirani zetu, na kidonge chenyewe ni kile kile ambacho sisi sote tungempa mtoto bila kufikiri mara mbili. Ndiyo iliyonitoa kwenye minyoo nikaingia kwenye kinga.

Chuma kinahitajiwa na mtoto, na kinahitajiwa vilevile na kijidudu cha malaria na bakteria wengi. Mwili unalijua hilo. Maambukizi yanapoingia, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini inafunga mlango ambao chuma hupitia kutoka kwenye utumbo na kutoka kwenye seli za kinga zinazokihifadhi. Chuma kinabaki ghalani na damu inakosa. Ukimpima mtoto siku hiyo utamwona pungufu, na ni kweli amepungukiwa, lakini mwili wake wenyewe ndio uliokificha chuma ili adui asikipate. Ukimmiminia chuma wakati huo, kingi hakifyonzwi, kinabaki tumboni kikilisha bakteria.

Katika utafiti uleule, kundi dogo la watoto lilipimwa damu mwanzoni. Waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walifaidika na kidonge. Hapa ndipo nilipokita mguu, na wenzangu wengine huniona mgumu: kipimo kwanza. Siku hizi malaria Zanzibar imeshuka sana baada ya dawa mseto kuanza 2003, kisha vyandarua na upuliziaji wa majumbani, na Shirika la Afya Duniani linashauri chuma kitolewe pale ambapo malaria inazuiliwa na kutibiwa. Nakubaliana nalo. Lakini kisiwa hiki kilijifunza kwa watoto wake, na sitaki somo lile lisahaulike.

Narudi kwa mtoto wa Micheweni. Choo chake kilikuwa safi, malaria hana. Nilipomgusa tumbo, bandama ilikuwa imevimba, na mama akataja kwamba alipokuwa na miezi minane vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba vyote kwa pamoja. Hapo nikatia tone la damu kwenye kioo, tone la metabisalfaiti ya sodiamu, nikafunika na kuziba kingo hewa isiingie. Nikasubiri. Chembe zilizokuwa mviringo zilianza kunyooka na kuchongoka ncha, moja baada ya nyingine, mpaka uwanja mzima ukawa mundu za kukatia majani. Kipimo hiki hakitofautishi aliyerithi upande mmoja na aliyerithi pande zote mbili, kwa hiyo tulitenganisha himoglobini yake kwa umeme. Alikuwa na selimundu kamili, ugonjwa wa aliyerithi pande zote mbili.

Basi nikamjibu mama yake. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku 120. Ya mwanawe inaishi siku kumi, ishirini. Damu yake inavunjika, na chuma chake kinabaki mwilini, kwa hiyo zile chupa mbili hazikuwa na kazi. Bandama, ambayo ndiyo chujio la bakteria kwenye damu, inazibwa na mundu hizo na kufa kidogokidogo, hivyo anahitaji penisilini kila siku na chanjo zote. Foliki anywe. Haidroksiurea, dawa inayopunguza chembe kugeuka mundu, tutaianza. Maji kwa wingi. Homa yoyote, aje siku hiyohiyo.

Akauliza kwa sauti ya chini kama ni ukoo wake ulioleta. Nimechoka kuona wanawake wakibebeshwa hilo peke yao. Nikamwambia nusu yake na nusu ya baba, sawasawa, na aje naye.

Alhamisi wakaja wote, na ndugu wawili wakubwa wa mtoto. Mkubwa hana kitu. Wa kati amerithi upande mmoja, kama wazazi wake. Nikawaeleza kwamba mtoto kama huyu haugui selimundu, na amekingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na ndiyo maana kurithi huku kumedumu katika pwani yetu vizazi na vizazi.

Baba akamvuta yule wa kati magotini. "Kwa hiyo huyu asilale chandaruani, akiachie mdogo wake?"

Nikamwambia alale. Kinga ile haizuii mbu kumng'ata wala vijidudu kuingia mwilini, na mbu atakayemng'ata yeye anaweza siku za baadaye kuvipeleka kwa mdogo wake kitanda cha pili. Nikawaandikia vyandarua viwili zaidi.