"Daraja si lile pale?" Dhana tulizo nazo kuhusu wapita njia wa Nairobi

Mtu akigongwa Barabara ya Thika, kabla hata hajafunikwa leso, lazima atokee wa kuuliza: "Kwani daraja la waendao kwa miguu hakuliona?" Swali hilo linaniudhi, maana anayeuliza huwa ameshajijibu.

"Daraja lipo. Anayepita chini amejitakia."

Barabara hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 2012 ikiwa na njia nane, nne za kwenda na nne za kurudi, mbali na barabara za pembeni. Sasa jiweke mahali pa mama mboga aliyeshuka matatu saa kumi na mbili jioni, gunia la sukumawiki mgongoni. Daraja halipo mbele yake. Atembee hadi lilipo, apande mteremko unaojikunja na kurudi nyuma, apenye katikati ya wauza soksi na tochi, ashuke, kisha arudi kule kule alikokuwa anatazamana nako. Giza likiingia na taa hakuna, daraja lenyewe ni mahali pa kunyang'anywa simu.

Njia ya mkato ni kama mita 14 kwa kila upande. Kwa mwendo wa kawaida wa miguu, hizo ni sekunde 12. Hesabu yake si ya mjinga. Asichokiona ni kwamba gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Likiwa mita 200 kutoka alipo, kwa macho yake bado liko mbali, lakini litamfikia kabla hajamaliza kuvuka. Dereva naye, hata akiwa macho, lami kavu na breki nzima, anahitaji karibu mita 60 kusimama.

Amekosea? Ndiyo. Lakini aliyeweka steji hapa na daraja kule alikosea kabla yake, na huyo haulizwi na mtu.

"Wapita njia wa Nairobi ni wazembe tu."

Kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ya trafiki zimemwekea faini ya shilingi 500 mpita njia anayezuia magari kwa makusudi. Sawa. Ila nenda Industrial Area, eneo la viwanda, alfajiri uwatazame wafanyakazi wakitoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, maelfu kwa maelfu, wanatembea kwa sababu nauli ya kila siku ingemaliza mshahara. Wanatembea kwenye lami kwa sababu pembeni kuna mtaro usiofunikwa, lori limeegeshwa, au kibanda cha chai. Jiji hili watu wengi huenda kwa miguu, na ndio wanaokufa kwa wingi barabarani kuliko madereva na abiria. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli. Wewe mwenyewe hesabu vijia vya miguu kati ya kwako na kazini, uone kama vinafanana na ahadi hiyo.

"Kilomita kumi na tano zaidi si kitu."

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, gari linalomgonga mtu likiwa kasi ya kilomita 65 kwa saa badala ya 50 huongeza uwezekano wa kumuua karibu mara nne na nusu. Sheria ya Kenya inaruhusu 50 mjini. Ndiyo maana matuta yanayotukanwa na kila dereva, nami nikiwemo nikiwa na haraka, yana kazi yake.

"Msongamano ndio unaoua."

Msongamano unachosha. Gari linalotambaa kilomita 10 kwa saa mara nyingi humwachia mtu mchubuko na matusi ya makanga. Hatari huja barabara ikifunguka, usiku, wakati dereva anakanyaga mafuta na aliyevaa nguo nyeusi anavuka.

"Takwimu zimeshuka, basi tumepata dawa."

NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ilihesabu vifo 4,690 vya barabarani nchini mwaka 2022, vikashuka hadi 4,324 mwaka 2023, watu wakaanza kupongezana. Mwaka 2024 vikafika 4,748. Mwaka mmoja si mwelekeo.

Na hizo ni zilizoandikwa. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965, lakini makadirio ya Shirika la Afya Duniani yalikuwa 13,463. Pengo hilo halihitaji njama ili kuelezwa. Askari hufika mahali pa ajali na kuandika alichokikuta: mtu mmoja, kavunjika mguu, ana jeraha kichwani, amepelekwa hospitali. Wiki mbili baadaye mtu huyo anafia wodini, familia inachanga pesa za kumsafirisha nyumbani, na kwenye kitabu cha kituo bado ni majeruhi.