Dada yake Antoni alipelekwa wapi?

Juzi tena, semina imeisha, kijana mmoja kaniambia bila kupepesa macho: "Mwalimu, wamonaki wa kwanza waliwakimbia wanawake na jamaa zao. Masista walikuja baadaye." Hili nimelisikia hadi madhabahuni. Nachoka.

Fungueni Maisha ya Antoni, kitabu cha askofu Athanasi juu ya mmonaki wa Misri ambaye wengi humwita wa kwanza. Wazazi wamefariki, kijana ana miaka 18 au 20, anagawa mali. Ana dada mdogo, naye anamkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowafahamu. Haya, mabikira hao walitoka wapi kama Antoni ndiye "wa kwanza"? Aliwakuta. Je, walikaa nyumba moja yenye utaratibu wake, au kila mmoja kwao? Hapo sina uhakika: hati za kale zinatofautiana kwa herufi chache tu za Kigiriki, na herufi hizo ndizo zinazobeba jibu.

Pakomi naye, mwanzilishi wa monasteri za Misri. Dada yake Maria alimfuata Tabennesi, kwenye monasteri yake. Pakomi hakutoka kumwona, akamtuma bawabu. Hapo ndipo watu hufunga kitabu. Endeleeni kidogo! Ujumbe uleule ulisema akitaka maisha haya, ndugu wamonaki watamjengea makao. Wakajenga, akawa mama wa wengi. Na mmonaki mwenye jamaa upande ule wa wanawake aliruhusiwa kwenda kumwona, akisindikizwa.

Ila linalonichoma ni Makrina. Kila kitabu cha seminari: "Basili Mkuu, baba wa umonaki wa Mashariki." Sawa. Lakini Basili aliporudi kutoka Athene akijivunia ufasaha wake, dada yake, Makrina huyo, ndiye aliyemshusha. Nyumba yao ya Annisi, kule Ponto (Uturuki ya leo), aliigeuza yeye kuwa monasteri. Ndiye aliyemshawishi mama yao, Emmelia, ale meza moja na wajakazi wake. Kitinda mimba, Petro, alilelewa mikononi mwake. Na Basili? Barua zake zimebaki mamia. Bibi yao, somo wa Makrina, anamtaja kwa jina. Dada, hata mara moja! Sababu siijui, na anayedai kuijua anakisia.

Kwa hiyo tunamtegemea Gregori wa Nisa, ndugu yao, aliyempenda mno. Msomeni kwa tahadhari. Lakini sidhani alitunga hili: Makrina alipofariki, mwaka 379, Gregori aliuliza nguo ya kumzikia, akaambiwa hakuna zaidi ya hizo alizovaa. Shingoni alikutwa na uzi wenye msalaba wa chuma na pete. Msalaba akampa Vetiana, mjane aliyekuwa akimvika maiti. Pete akabaki nayo yeye.

Na kwa wanaoshikilia kwamba wote walikuwa jangwani: upo mkataba wa mafunjo kutoka mji wa Oxyrhynchus, Misri, wa mwaka 400. Theodora na Tauris, ndugu wa damu, wanaitwa wazi wamonaki wa kike. Wanampangisha Myahudi mmoja, Yose, ukumbi wa chini na ghala la chini ya ardhi katika nyumba yao, na kodi imeandikwa.