Enzi ya Mungu juu ya watawala: maana yake

Biblia inafundisha kwamba mfalme, rais, mkuu wa mkoa na mwenyekiti wa kijiji wote wanatawala kwa mamlaka waliyokabidhiwa. Mwenyewe ni Mungu, na akitaka huyachukua. Hiyo ndiyo enzi ya Mungu juu ya watawala.

Danieli sura ya 4 inalieleza jambo hili vizuri kuliko nyingine zote. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliota mti mkubwa umekatwa, kikabaki kisiki. Nabii Danieli akamwambia waziwazi: mti ule ni wewe. Ikapita miezi 12. Siku moja mfalme anatembea juu ya jumba lake, akautazama mji, akajisifu kwamba ameujenga mwenyewe kwa nguvu zake. Neno likiwa bado kinywani, sauti ikatoka mbinguni: ufalme umeondoka kwako. Akafukuzwa, akala majani kama ng'ombe, akalowa umande, kucha zikawa kama za ndege, hadi alipokiri kwamba Aliye juu ndiye anayetawala, na humpa ufalme amtakaye. Ndipo akarudishiwa kiti chake.

Hapa kwetu Mtwara, panda uone boma la Wajerumani pale Mikindani. Pwani hii ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, wakaja Wajerumani, wakafuata Waingereza, na mwaka 1961 nao wakashusha bendera. Boma limebaki, waliolijenga hawapo.

Mungu humtumia hata asiyemjua. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, akawaruhusu Wayahudi warudi kwao wakajenge hekalu. Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake, ingawa hakumjua Bwana. Taifa la Ashuru nalo, katika Isaya 10, ni fimbo ya hasira ya Mungu, na bado linaadhibiwa kwa kiburi chake.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Uchaguzi ukiisha utasikia, "Huyu kawekwa na Mungu, tusiseme kitu," Warumi 13 inasomwa, pale pasemapo hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, mjadala unafungwa. Si haki kulitumia Neno hivyo. Danieli yuleyule alimshauri mfalme aache dhambi, atende haki, awahurumie maskini. Nabii Nathani alimkemea mfalme Daudi usoni. Petro aliliambia baraza kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Na Pilato, liwali wa Kirumi, alipojigamba kwamba ana mamlaka ya kumsulubisha Yesu, alijibiwa kwamba asingekuwa nayo kama asingepewa kutoka juu; katika jibu hilohilo Yesu akataja dhambi. Kupewa mamlaka hakumfutii mtu hatia ya anachokifanya nayo.

Kwa hiyo Mkristo anayemwombea mwenyekiti wake Jumapili, kama Paulo anavyoagiza katika 1 Timotheo 2, kisha kwenye mkutano wa kijiji akasimama kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi, hajampinga Mungu hata kidogo.